Gitaa Linalochelewa

Kidole alifika Alhamisi saa nane mchana, kinanda begani, jasho likimtiririka, na kabla hajakitua akasema, "Mama yuko nyuma yangu, anapanda taratibu kwa ajili ya magoti. Nakuomba kitu kimoja tu. Usimwambie."

Tulikuwa hatujaonana miezi mitatu na siku nne. Nilishapanga maneno ya kumwambia siku akitokea, mengine makali, mengine ya kumtoa machozi, na nilikuwa na uhakika nayo.

"Kiweke mezani," nikasema. "Angalia waya, utajikwaa."

Niseme kwanza kazi yangu, maana wengi hudhani nachomelea nyaya. Nyaya zina mtu wake, yuko ghorofa ya chini karibu na wauza miwani. Mimi nabadilisha vilivyomo ndani. Vinanda vya namna hii hutoka kiwandani na bendi nzima tumboni: ngoma, besi, gitaa, filimbi. Mpigaji akibonyeza kwa mkono wa kushoto, bendi inamfuata popote anapokwenda. Mpangilio mmoja wa bendi hiyo tunauita staili. Ubaya ni kwamba bendi ya kiwandani haimjui mtu yeyote, kwa hiyo watu huniletea niwatengenezee yao. Kuna mzee aliyetaka tarumbeta ikohoe kidogo kabla ya kulia, kwa sababu mpiga tarumbeta wake wa zamani alikuwa mvutaji. Nilimtengenezea. Alirudi mara mbili kuniambia inakohoa vizuri.

Kidole alikuja kwangu kama mteja vilevile. Wenzake kwenye kumbi za harusi walimbatiza jina hilo kwa kuwa mkono wake wa kushoto ulikuwa ukitumia kidole kimoja tu, mengine yote akiiachia mashine. Mkono wa kulia, sitaki kumdhulumu, ulikuwa unajua kuimba. Nilimpenda. Nalisema waziwazi, maana anayesoma ninavyosimulia anaweza kudhani sina moyo.

"Nimwambie nini?" nikamuuliza. "Au nisimwambie nini?"

"Unajua. Kuhusu ile ya baba."

Ile ya baba ilikuwa staili moja, ya ishirini na mbili katika orodha yake. Baba yake alikuwa mpiga gitaa wa ukumbini. Alifariki Kidole akiwa darasa la pili, akaacha kaseti moja. Mwaka juzi Kidole aliniletea kaseti hiyo, nami nikakaa nayo siku kumi na tisa, masikio yamefunikwa na hedifoni, nikitoa humo ngoma, besi na gitaa, pigo baada ya pigo, hadi kinanda kikapiga kama ile bendi. Akaipiga nyumbani kwao sebuleni. Mama yake akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akalia. Kisha akauliza nani kafanya hivi.

"Mimi, Mama," akajibu mwanawe.

Alikuja kunisimulia mwenyewe, akicheka kwa aibu. Alisema mama alifurahi mno hata yeye akashindwa kumkatisha, na kwamba angemweleza baadaye. Nikamwambia hakuna haraka. Mapenzi yalikuwa yamenipofusha, na sikuona sababu ya kugombania sifa na mtu ambaye nilitaka kuzeeka naye.

"Imeharibika nini?" nikauliza.

Aliketi kwenye ukingo wa kiti. "Mdogo wangu anaolewa Jumamosi. Mama ameomba bibi harusi aingie ukumbini kwa staili ya baba. Nikasema niisafishe kidogo. Lile gitaa lilikuwa linachelewa."

"Usiniambie umesawazisha."

"Nimesawazisha."

Kipo kitufe cha kusawazisha. Ukikibonyeza, mashine inachukua kila sauti iliyowahi au kuchelewa na kuirudisha kwenye mstari. Wanaoanza hukipenda sana, maana kinawafanya waonekane wanajua. Ni kitufe ambacho mimi hukigusa kwa nadra sana, na kwenye kazi ya kaseti sikigusi kabisa.

"Halafu ukahifadhi juu ya ile ile," nikasema.

Alinyamaza. Kunyamaza anakujua.

"Mama alipoisikia jana akasema, huyu si yeye. Basi. Akaenda kulala. Una nakala, si ndiyo?"

"Nilikuwa nayo. Nimefuta."

"Umefuta lini?"

"Unajua ni lini."

Uso ulimshuka. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa nakumbuka kila kitu cha siku ile, hata mahali feni ilipokuwa imewekwa. Kilikuwa kikao cha wakubwa wa kwao, wajomba wawili na shangazi mmoja, mimi nimekaa pembeni ya Kidole nimevaa gauni jipya. Mama yake alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu ana miaka thelathini na moja na hajawahi kuoa. Huyu ana thelathini na tano na ameshaachika. Sikumlea aje kuvaa nguo iliyovuliwa na mwingine." Watu wote wakamgeukia Kidole. Yeye akatazama simu yake. Nilisubiri kwa muda ambao mtu anaweza kuhesabu mpaka ishirini, nikaaga kwa heshima, nikarudi hapa, nikawasha mashine na kufuta kila kitu nilichowahi kumtengenezea. Sikubonyeza futa zote. Nilifuta moja moja.

Viatu vilisikika kwenye korido. Kidole akainuka, akashusha sauti. "Mwambie kinanda kilipata hitilafu, unakirekebisha. Basi tu. Tafadhali."

"Mimi ni fundi," nikasema. "Nitaongea habari za mashine."

Mama yake aliingia akihema. Alikuwa muuguzi kabla hajastaafu, na bado alikuwa anaingia chumbani kwa kuangalia kwanza dirisha, halafu kitanda. Hapakuwa na kitanda, akaangalia meza. Mkononi alishika redio ya kaseti iliyofungwa kwa kanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi."

"Ndiye mimi."

Hakupepesa macho, nami nikajitia hamnazo. Tulisalimiana kama watu ambao hawajawahi kukaa hatua tatu kutoka kwa mwenzake, mmoja akimwita mwingine nguo. Nilimsogezea kiti karibu na spika. Kidole alibaki amesimama, hajui aweke wapi mikono.

"Kijana anasema kifaa kimemletea matatizo," Mama akasema. "Nimekuja na kaseti yenyewe ili ufanye kwa kusikiliza, usifanye kwa kukisia. Harusi ni keshokutwa."

"Umefanya vizuri. Tuanzie upande wa pili, wimbo wa tatu. Ukisikia mtu amekohoa karibu na maikrofoni, simamisha hapo. Gitaa linasikika peke yake baada ya hapo."

Nilikuwa nimeinama natafuta waya wa kuunganishia redio. Nilipoinuka, Mama alikuwa bado hajafungua kanga.

"Kaseti hii umeisikia wapi?" akauliza.

Hilo ndilo kosa la watu wa kazi yangu. Kitu ukikisikiliza siku kumi na tisa kinaacha kuwa siri, kinakuwa kama njia ya kwenda dukani. Nilimtazama Kidole. Nilimpa nafasi, nzuri tu, pana, ya kutosha mtu mzima kupita.

"Nilimletea wiki iliyopita, Mama," akasema Kidole. "Asikilize."

Ulikuwa uongo mdogo, umetoka bila kukwama. Uliniuma kuliko yale maneno ya kikao, kwa sababu ya kikao yalitoka kwa mtu ambaye hakuwa ananijua.

"Ahaa," Mama akasema. Akafungua kanga.

Tukaanza kazi. Ngoma na besi vilikuwa vimesalimika, Kidole hakuvisafisha. Lililouawa ni gitaa. Mashine yangu inagawa pigo moja vipande mia nne na themanini, na kila sauti ya gitaa ilibidi niisogeze mwenyewe, kipande kwa kipande, mpaka irudi pale mzee alipoiweka. Mara ya kwanza nilikuwa na kaseti peke yake, imechoka, inayumba. Safari hii nilikuwa na siku moja na nusu, ila nilikuwa na mtu aliyekuwepo.

Nikasogeza vipande ishirini. Nikapiga.

"Bado," Mama akasema. Alikuwa amefumba macho.

Thelathini na tano.

"Bado. Huyo ni mtu anayetafuta kazi."

Sabini.

"Sasa amelewa. Mume wangu hakuwa mlevi."

Kidole akacheka. Hakuna aliyemfuata, akaacha.

"Arobaini na tano," nikasema, nikapiga.

Mama alifumbua macho, akayafumba tena. "Kidogo ni yeye. Lakini sasa anachelewa kila mahali. Hakuwa anachelewa kila mahali. Angefukuzwa."

"Anachelewa wapi?"

"Rudisha kaseti."

Tulirudisha. Tulisikiliza ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yule mtu akakohoa. Mama aliinua kidole, akangoja, akakishusha ghafla. "Hapo. Ubeti unapoisha. Kabla waimbaji hawajaingia tena. Umesikia?"

Nilisikia. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo mara mia mwaka juzi nikaliiga bila kulielewa, nikidhani labda kidole chake kidogo kilikuwa kibovu. "Kwa nini hapo tu? Palikuwa na kitu kinamzuia, waya, kamba ya gitaa?"

"Mimi sijui muziki, binti. Mimi nilikuwa muuguzi."

"Lakini unajua."

Alipanga kanga mapajani, akaikunja mara nne. Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni na kuwaomba watu wapishe.

"Alikuwa anainua macho," akasema.

"Kuangalia nini?"

"Kuniangalia mimi. Nilikuwa nakaa karibu na mlango nikitoka zamu, bado nimevaa sare. Ubeti ukiisha, wanaocheza wanapisha kidogo, anapata mwanya. Anainua kichwa kuona kama nimefika. Akinikuta nimefika anarudi kwenye nyuzi, amechelewa. Kiongozi wa bendi alimpa vidonge vyake vya maneno kila wiki. Hakukoma."

"Na siku usipokwenda?"

"Waliniambia alikuwa anapiga sawasawa kabisa."

Nikaandika kwenye daftari langu: vipande arobaini na tano, mwisho wa ubeti tu. Mwandiko ulikuwa mbaya, ilibidi nifute na kuandika upya. Nilijisikia vibaya, nikajikaza, nikaigeukia kompyuta mgongo ukiwa kwao. Sababu ya kujisikia vibaya nilikuwa naijua. Nilikuwa nimekaa pembeni ya mwanaume ambaye aliangaliwa na chumba kizima, na hakuinua macho.

Kazi yenyewe ilichukua saa tatu. Kila ubeti nilipoumaliza, Mama alisema "sawa" au hakusema kitu, na kutosema kitu kulimaanisha nirudie. Kuna wakati aliniomba nipunguze besi kwa sababu mpiga besi wao alikuwa mtu wa haya. Nikaipunguza. Kuna wakati niliweka pigo la matuazi mahali ambapo halikuwepo, akalisikia, akaniambia nisimpambie mume wake. Nikaliondoa. Nilianza kumpenda, jambo ambalo sikuwa nimelipanga na lililoniudhi.

Ilipofika saa kumi na mbili kasorobo nikaihamishia kwenye kinanda cha Kidole, nikakaa mwenyewe, nikabonyeza kwa mkono wa kushoto. Bendi ikaingia. Sikupiga chochote kwa mkono wa kulia, niliiacha itembee. Ubeti wa kwanza ukafika mwisho, gitaa likakawia pale lilipopaswa kukawia, likarudi.

"Huyo," Mama akasema.

Alitumia ncha ya kanga kufuta macho, kwanza la kulia, halafu la kushoto, bila kuficha. Nikaiacha bendi iendelee hadi ilipomaliza yenyewe, nikahifadhi kwenye kinanda, nikahifadhi kwenye flashi, nikampa flashi mkononi yeye, si mwanawe.

Kidole alikuwa dirishani. Alikohoa kidogo. "Mama."

"Naam."

"Hata ile ya kwanza alitengeneza yeye. Mimi sikufanya kitu chochote. Nilibeba kaseti kuja, nikabeba kinanda kurudi."

"Na wiki iliyopita?"

"Sikumletea. Nilidanganya. Alikaa nayo mwaka juzi, karibu wiki tatu."

"Nimeshajua," Mama akasema. "Mtu hajui kikohozi kiko wapi kwa kupitisha sikio. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nimengoja tangu saa tisa, na hiki kiti ni kigumu."

"Niliona umefurahi sana siku ile, Mama. Nikaogopa kukuharibia."

"Na kwenye kikao je? Uliogopa kumharibia nani?"

Kidole alifungua mdomo. Namjua, nilijua angeufunga tena, na nikaanza kukunja waya wangu kwa sababu nilihitaji kushika kitu.

"Nilikuwa naangalia simu," akasema.

"Ilikuwa imezimwa. Mimi ndiye niliyewaambia mzime simu."

"Najua. Nilikuwa naangalia simu iliyozimwa." Akageuka kutoka dirishani. "Ulipomwita nguo nilitaka kusema, nikashindwa. Nilidhani ukiongea wewe, na wajomba wakaongea, mwishoni itapatikana njia yake yenyewe na mimi nitaifuata tu. Ndivyo nilivyozoea. Nimekosa. Namtaka huyu, Mama. Nilimtaka siku ile na leo namtaka zaidi, na nimekaa miezi mitatu nikipiga harusi za watu wengine nikiwa mgonjwa."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Nilikuwa bado nakunja waya uleule.

Mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kama anayempima joto. "Nilichokisema sikukisema kwa kuteleza ulimi," akasema. "Ana miaka thelathini na tano. Ameachika. Hayo hayajabadilika leo kwa ajili ya gitaa."

"Hayajabadilika," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia kwenye mazungumzo yale. "Niliachika kwa sababu mume wangu alioa mwingine bila kuniambia, nikatoka. Ningetoka tena."

"Sikukuuliza sababu siku ile."

"Hukuniuliza kitu, Mama."

"Ni kweli. Nilikuwa naongea na ukoo, nikakuongelea juu ya kichwa chako. Si adabu. Mgonjwa nilikuwa namuuliza yeye, siulizi ndugu zake." Alijigeuza kwenye kile kiti mpaka magoti yake yakanielekea. "Sasa nakuuliza. Huyu uliyemwona, anayenyamaza, anayejipa sifa zisizo zake, aliyenidanganya mchana huu mbele yako. Wewe unamtaka?"

Majibu ya heshima yalikuwepo. Ningeweza kusema tutaona, au muda utaamua, au niachieni nifikiri. Ningeweza hata kusema hapana. Hapana ingenifaa, ingenikaa vizuri, na ningelala usingizi mzuri kwa juma zima. Kidole alikuwa ananitazama. Hakuwa amejificha popote, macho yote mawili, na hofu yake ilikuwa wazi kabisa.

"Namtaka," nikasema. Nikauweka waya mezani. "Namtaka, Mama. Ila akininyamazia tena mbele ya watu, nitaondoka na sitarudi kwa ajili ya kaseti yoyote."

"Hilo ni lenu wawili," Mama akasema. Aliinuka kwa kushikilia meza, akaikagua flashi, akaitia kifuani. Kidole akataka kumshika mkono, akamzuia. "Beba kinanda. Mimi nitashuka mwenyewe."

Alifika mlangoni, akasimama kupumzisha magoti.

"Sijasema nimekubali," akaniambia. "Usiende kumwambia mtu nimekubali. Jumamosi utakaa meza yangu, upande wa kulia. Wajomba zake wakiniuliza huyu ni nani, nitakuwa nimeshajua cha kuwajibu."